Kihariri chako kwenye terminali ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ulianza kama karatasi iliyobandikwa ukutani, juu ya meza yangu ya kazi hapa Arua, Uganda. Kwenye meza hiyo kuna terminali ya VT220, yaani kioo na kibodi vya kuzungumzia na kompyuta iliyo kwingine, niliyoinunua kwa bei ya chuma chakavu kutoka stoo ya ofisi moja iliyokuwa inahama. Maandishi yake ni ya rangi ya chungwa, kibodi yake nzito kama tofali, na waya wa siriali unatoka nyuma yake hadi kwenye seva ndogo ya Debian (aina ya Linux) inayotumia betri ya sola. Vijana wanaokuja jioni kujifunza hukaa hapo kwa zamu, na kila mgeni huuliza yale yale aliyouliza mwenzake jana. Karatasi ikajaa, nikahamia huku.

Kama huna terminali ya kale ila unatumia konsoli ya Linux isiyo na picha, au umechomeka kompyuta mpakato kwenye seva kwa waya, mengi ya humu yanakuhusu vilevile.

Fundi, kwa nini tuhangaike na mtambo mkuukuu hivi?

Siku seva inapokataa kuwaka vizuri, mtandao unakuwa umekufa, ssh, njia ya kuingia kwenye seva kupitia mtandao, haipo, na kinachobaki ni mlango wa siriali. Swichi na ruta nyingi nazo zina mlango wa konsoli wa namna hiyo hiyo. Aliyezoea kuhariri faili kwenye mistari 24 bila panya hatetemeki siku hiyo. Sababu nyingine ni kwamba naipenda tu, lakini hiyo hairekebishi seva ya mtu.

Nikifungua faili kwenye kihariri cha Vim, nusu ya maneno yanapepesa kama taa za harusi. Skrini imeharibika?

Haijaharibika. Inatii.

Kihariri hakina macho. Hakijui kama mbele yako pana kioo kipya chenye rangi milioni au VT220 ya mwaka 1983. Kinachokijulisha ni jina moja tu lililoandikwa kwenye kigeu kinachoitwa TERM. Kikisoma humo `xterm-256color`, kinaamini una rangi 256, na kinaanza kutuma amri za rangi. Amri ya kupaka neno rangi namba 4 inaweza kutumwa hivi:

    ESC [ 38 ; 5 ; 4 m

Terminali mpya inasoma namba zote tatu kama maagizo ya rangi moja. Terminali ya kale haijui 38 ni nini, kwa hiyo inaipuuza na kusonga mbele. Inakuta 5. Kwake 5 ni "pepesa". Inakuta 4, na kwake 4 ni "pigia mstari chini". Basi neno lako linapepesa huku limepigiwa mstari. Ukikuta 7 mwishoni, rangi zinageuzwa: maandishi meusi juu ya mwanga.

Ndiyo maana mimi hukataza mtu kugusa mipangilio ya kihariri kabla hajaandika amri hii:

    echo $TERM

Jibu likiwa si jina la kifaa ulichonacho, anza hapo:

    export TERM=vt220

Fungua Vim tena. Mara tisa kati ya kumi mgonjwa amepona.

Nitajuaje jina sahihi la kuweka?

Kwa VT100 andika `vt100`, kwa VT220 andika `vt220`, na kwa konsoli ya Linux yenyewe ni `linux`. Terminali za kampuni nyingine mara nyingi zina hali ya kuiga VT100. Itafute kwenye menyu yake, kwa sababu VT100 ya mwaka 1978 ndiyo karibu kila mtu aliyekuja baadaye alijifunza kuiga.

Maelezo ya kila jina yamo kwenye hifadhi ya terminfo. Uone yaliyomo:

    infocmp vt220

Vim ikilalamika kwa ujumbe wenye namba E558, maana yake jina hilo halimo kwenye hifadhi ya mashine hiyo. Debian huweka majina machache tu ya lazima. Mengine mengi yamo kwenye kifurushi cha `ncurses-term`.

Na usiandike `export` kila asubuhi kama sala. Jina hupewa programu ya getty inayokaribisha watumiaji kwenye mlango ule. Liweke huko mara moja, nawe usahau.

Kihariri kinachora mistari zaidi ya ile ninayoiona. Sehemu ya chini inapotea.

Waya wa siriali hauna njia ya kusema skrini ina ukubwa gani. Ukiingia kwa ssh, ukubwa wa dirisha unasafiri pamoja nawe, na ukilivuta dirisha seva inaarifiwa. Kwenye siriali hakuna habari kama hiyo. Uliza seva inafikiri nini:

    stty size

Ikijibu `0 0`, programu nyingi zitatumia ukubwa ulioandikwa kwenye terminfo, ambao kwa VT100 na VT220 ni mistari 24 na safu 80. Hapo ni sawa. Tatizo huja pale mtu aliyetangulia ameacha namba kubwa za kompyuta yake. Zirekebishe:

    stty rows 24 cols 80

Kama uko kwenye kompyuta mpakato yenye programu ya kuiga terminali, amri ya `resize` inaweza kukupimia yenyewe. Huiuliza terminali kielekezi kimefika wapi kikisukumwa hadi pembeni kabisa ya skrini. Ujanja wa kizee, lakini unafanya kazi.

Kwa nini inaenda polepole hivi? Kila nikibonyeza j nasubiri.

Tufanye hesabu, maana hapa watu hulaumu seva bure. Kwenye kasi ya 9600, kila herufi inachukua biti 10 ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia. Hiyo ni herufi 960 kwa sekunde. Skrini ya mistari 24 kwa safu 80 ni herufi 1,920. Kwa hiyo kuchora skrini nzima ni sekunde mbili, hata seva iwe na nguvu kiasi gani. Kwenye kasi ya 1200 ni sekunde 16. Kwenye 115200 hutaona kitu.

Bill Joy alipoandika vi, mzazi wa Vim, mwaka 1976 alitaka itumike hata kwenye modemu ya kasi ya 300, yaani herufi 30 kwa sekunde, zaidi ya dakika moja kwa skrini nzima. Ndiyo sababu amri zake ni fupi namna ile. Na h, j, k, l kuwa mishale kulitoka kwenye kibodi ya terminali aliyokuwa nayo, ADM-3A, ambayo mishale ilichorwa juu ya vitufe hivyo hivyo. Vijana wangu walidhani ni mateso yaliyobuniwa kwa ajili yao.

Sasa tazama mipangilio yako. Mmoja wao alileta `.vimrc`, faili yake ya mipangilio ya Vim, kutoka kwenye kompyuta ya nyumbani, nayo ina `relativenumber`, inayohesabu mistari kuanzia pale ulipo. Kila anapobonyeza j, namba za mistari yote 23 zinabadilika, na kila moja inahitaji kielekezi kupelekwa mahali pake kisha namba kuandikwa. Kwa makadirio yangu ni baiti kama 250, zaidi ya robo sekunde kwa kila j. Akishikilia kitufe, skrini inaendelea kuhangaika baada ya yeye kukiachia. Ongeza `cursorline`, inayoangaza mstari ulipo, na upau wa hali unaoonyesha saa, umepata kitu cha kutazama huku ukinywa chai.

Mimi naweka haya mwishoni kabisa mwa `.vimrc`:

    if &term =~ '^vt'
      syntax off
      set t_Co=0
      set nonumber norelativenumber nocursorline
      set noruler noshowcmd laststatus=1
      set lazyredraw scrolljump=5
      set listchars=tab:>-,trail:.
    endif

Sharti la mstari wa kwanza linafanya yote hayo yatumike kwenye VT pekee. Kompyuta yako ya kisasa inabaki na mapambo yake. `scrolljump=5` inasogeza mistari mitano kwa mkupuo ukifika ukingoni, badala ya kuvuta mmoja mmoja. `ruler` unaweza kuibakiza kama huwezi kuishi bila kujua uko safu ya ngapi. Mimi naweza, nikitaka kujua nabonyeza Ctrl-G.

Na usipende kuandika Ctrl-L ya kuchora upya kila saa. Ni sekunde mbili hizo.

Nilibonyeza Ctrl-S kuhifadhi, kila kitu kikaganda.

Bonyeza Ctrl-Q, kitaamka.

Tangu enzi za terminali hizi, Ctrl-S maana yake ni "simama kwanza, usiniletee maandishi", na Ctrl-Q ni "haya, endelea". Ukitafuta msaada, wengi watakuambia uzime mpangilio huo, uitwao ixon, kwa kuandika:

    stty -ixon

na kwenye kompyuta mpakato ushauri huo ni mzuri kabisa. Lakini kwenye terminali halisi ya zamani, subiri kidogo. VT100 na VT220 zenyewe hutumia ishara hizo hizo. Zikilemewa na maandishi, kabla tumbo halijajaa, hutuma Ctrl-S kwa seva kimyakimya, zikishapumua hutuma Ctrl-Q. Ukizima ixon, seva haisikii tena ombi la kusimama, inaendelea kumimina, na herufi zinamwagika njiani. Mimi ilinichukua usiku mzima kuligundua hili. Faili kwenye diski ilikuwa nzima, lakini kwenye skrini maneno yalikuwa yametafunwa, nikayarekebisha kwa bidii maneno ambayo hayakuwa na kosa lolote. Asubuhi niliisoma faili ile kwenye mashine nyingine nikacheka peke yangu.

Kwa hiyo kwenye terminali halisi acha ixon ilivyo, na zoea kuhifadhi kwa njia nyingine. Vim ni `:w`, haina shida. Kwa kihariri cha nano, kifungue kwa `nano -p` ili iheshimu ishara hizo, na uhifadhi kwa Ctrl-O. Kihariri cha Emacs ndicho chenye kilio, kwa kuwa Ctrl-S ndiyo inayotafuta maneno. Iwekee hii kwenye mipangilio yake:

    (enable-flow-control-on "vt100" "vt220")

Kuanzia hapo Ctrl-\ inafanya kazi ya Ctrl-S, na Ctrl-^ inafanya ya Ctrl-Q.

Kitufe cha Esc kiko wapi? Nimekwama ndani ya Vim!

Kibodi ya VT220 haina kitufe kilichoandikwa Esc. Terminali ikiwa kwenye hali ya VT100, F11 hufanya kazi hiyo. Lakini Ctrl-[ ni Esc kila mahali, kwenye kila kibodi, tangu zamani, basi vidole vijifunze hiyo.

Mishale inaandika A, B, C, D badala ya kusogea.

Unatumia vi iliyo kwenye hali ya kale ya utangamano, kama ile ndogo inayokuja na Debian. Andika `:set nocompatible`. Ikiwa mishale inafanya kazi mara moja na kukosa mara nyingine, waya au mtandao unachelewesha herufi zinazofuata Esc; ongeza muda wa kusubiri kwa `:set ttimeout ttimeoutlen=300`.

Kitufe cha kufuta kinaandika ^? au kinafungua msaada wa Emacs.

Terminali inatuma herufi moja, seva inatarajia nyingine. Andika `stty erase`, acha nafasi, kisha bonyeza kitufe chenyewe cha kufuta, halafu Enter. Kwa Emacs jaribu `M-x normal-erase-is-backspace-mode`.

Niliandika "ng'ombe" kwenye kompyuta ya ofisi, huku inasomeka "ngbombe". Kulikoni?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu ni letu.

Programu ya ofisini hubadilisha alama ya ritifaa iliyonyooka ikaipinda, ipendeze. Ile iliyopinda, kwenye UTF-8, namna ya kisasa ya kuandika herufi kwa baiti, ni baiti tatu, kwa namba za msingi wa 16: E2, 80, 99. Kama waya umewekwa biti 7, kama zilivyowekwa terminali nyingi za zamani, biti ya juu ya kila baiti inakatwa. E2 inakuwa 62, na 62 ni herufi b. 80 inakuwa sifuri, haionekani. 99 inakuwa 19, ishara isiyochapisha kitu. Ng'ombe akageuka ngbombe, na ng'ambo ikawa ngbambo.

Kiswahili kilichobaki hakina shida, hata ASCII tupu, seti ya kale ya herufi za Kiingereza, inatosha. Ndani ya Vim kwenye mashine yenye UTF-8, nyoosha ritifaa zote kwa mkupuo:

    :%s/\%u2019/'/ge

Luganda ndiyo inayovunja vyombo. Kijana mmoja alikuwa anaandika habari ya ngoma, na kwa Luganda ngoma ni eŋŋoma. Alipofungua faili, maneno yakaanza kushuka kama ngazi:

    eE
      E
       oma

Herufi ŋ kwenye UTF-8 ni C5 na 8B. Ukikata biti ya juu unapata 45, ambayo ni E, na 0B, ambayo kwa terminali hizi ni amri ya kushuka mstari mmoja bila kurudi mwanzo. Kila ŋ inaandika E kisha inashuka. Vim haina habari kwamba kielekezi kimeshuka, kwa hiyo kila inachochora baada ya hapo kinakaa pasipo pake.

Kuuweka waya kwenye biti 8 hakumalizi tatizo. VT220 inaelewa herufi za Ulaya Magharibi, na ŋ haimo kabisa. Tena baiti za 128 hadi 159 inazichukulia kuwa amri. Kinachosaidia ni kumwambia Vim kwamba faili ni UTF-8 lakini kioo sicho:

    :set termencoding=latin1

Hapo ŋ itaonyeshwa kwa alama nyingine, skrini haitavunjika, na faili itabaki na ŋ zake salama. Neovim, ndugu mpya wa Vim, haina mpangilio huu; yenyewe inadhani dunia nzima ni UTF-8. Kama kazi yako ni kuandika Luganda kutwa, VT220 si rafiki yako. Hamia konsoli ya Linux.

Je, konsoli ya Linux inaonyesha ŋ?

Inategemea fonti. Konsoli hiyo inapokea UTF-8, lakini fonti yake inabeba maumbo 256, au 512 kwa zile kubwa. Andika `showconsolefont` utazame kama ŋ ipo. Haipo? Badilisha kwa `setfont`, au kwenye Debian kwa:

    dpkg-reconfigure console-setup

Kwenye kadi za zamani za VGA, fonti ya maumbo 512 inalipiwa kwa rangi: zile nane angavu za maandishi zinapotea. Kuchagua kati ya ŋ na rangi ya njano ni kazi ya mwenye macho.

Maelezo yameandikwa kwa bluu iliyokolea, siyaoni kwenye weusi.

`:set background=dark`. Ikishindikana, `:syntax off`.

Badala ya fremu naona lqqqqk na x nyingi.

VT100 huchora mistari kwa kubadili seti ya herufi: kwenye seti ya pili, q ni mstari wa kulala, x ni wa kusimama, l na k ni kona za juu. Ukiziona herufi zenyewe, ubadilishaji haukufanyika. TERM ikiwa sahihi, jaribu kwenye konsoli ya Linux au kwenye programu ya kuiga:

    export NCURSES_NO_UTF8_ACS=1

Umeme umekatika katikati ya kuandika. Kazi imepotea?

Hapa kwetu swali hili linaulizwa wiki baada ya wiki. Kama terminali tu ndiyo iliyozimika na seva iko kwenye betri, usiandike chochote bila kupitia GNU Screen, programu inayoshikilia kazi yako kwenye seva hata terminali ikizimika. Anza kwa `screen`, fungua kihariri humo ndani, na umeme ukirudi andika `screen -r`; utakuta kielekezi palepale. Faida ya ziada: Screen ni mkalimani. Ndani yake kihariri kinaongea lugha moja, na Screen inaitafsiri kwa terminali yoyote utakayorudi nayo, hata ukiondoka kwenye VT220 na kurudi na kompyuta mpakato. tmux, programu ya namna hiyo hiyo, nayo inafaa, ila uzime upau wake wa chini kwa `set -g status off`, maana hujichora upya kila sekunde 15 na kula mstari mmoja kati ya 24.

Kama seva yenyewe ndiyo iliyozimika, Vim huandika faili ya akiba kila baada ya herufi 200, au ukinyamaza sekunde nne. Andika `vim -r` ikifuatwa na jina la faili. Ulichopoteza huenda ni sentensi moja.

Kihariri kimekufa vibaya, sasa hata ninachoandika sikioni.

Bonyeza Ctrl-J, andika `stty sane` bila kuona, bonyeza Ctrl-J tena. Usitumie Enter, huenda haisikiki katika hali hiyo. Skrini ikibaki na takataka, andika `reset`.

Ninaona takataka tupu tangu mwanzo, hata kabla ya kuingia.

Kasi hazilingani kati ya pande mbili. Ikiwa baadhi ya herufi ni sahihi na nyingine zimepotoka, kagua idadi ya biti na pariti (biti ya kukagulia makosa). Na kabla ya yote, sukuma plagi. Nimewahi kusafiri kwa boda hadi ng'ambo ya mji kwa ajili ya skrubu mbili zilizolegea.

Terminali yangu haina jina lolote, haiigi VT100, haina hata mishale. Nitahariri na nini?

Weka `TERM=dumb` na utumie `ed`. Ken Thompson aliiandika mwaka 1969, wakati watu walikuwa wanachapa kwenye karatasi, kwa hiyo haihitaji kusogeza kielekezi popote. Huombi kuona skrini; unaomba mstari wa 12 kwa kuandika `12p`, unaubadilisha kwa `s/kale/mpya/`, unahifadhi kwa `w`. Ukikosea itakujibu kwa alama moja ya kuuliza, basi. Andika `H` ianze kueleza inalalamikia nini. Kutoka ni `q`.